Tangawizi: dawa ya nini, na kiasi gani

Jioni moja mwanamume aliingia dukani kwangu akitaka tembe za kuzuia kutapika. "Ni za mama watoto, daktari. Mimba ina miezi miwili, na hata harufu ya omena ikipita nje anakimbilia choo." Nikamuuliza yale ninayouliza kila mara: akinywa maji yanakaa tumboni? Mkojo wake ni wa rangi gani? Ana homa? Tumbo linamuuma? Majibu yote yalikuwa ya kutuliza moyo. Nikamwambia avuke barabara hadi kwa mama mboga aliye chini ya mwavuli, anunue tangawizi ya shilingi ishirini, kisha arudi nimwonyeshe namna ya kuipima.

Alisimama pale kaunta akinitazama, simu ya kulipia tayari mkononi. Alidhani nimemnyima dawa.

Sikumnyima. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu hapa Kisumu imenifundisha kuiheshimu tangawizi kwa sababu moja mahsusi: kichefuchefu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma kwa wajawazito wa mwaka 2016, limeitaja miongoni mwa vitu vinavyoweza kupendekezwa kwa mama anayesumbuliwa na kichefuchefu cha mimba changa. Nchini Thailand kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wajawazito wakapewa gramu 1 ya unga wa tangawizi kwa siku, ikigawanywa mara 4, kwa siku 4. Wenzao walipewa tembe zinazofanana nazo ambazo hazikuwa na dawa ndani. Waliopewa tangawizi walipata nafuu zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Wadenmaki waliijaribu kwa wanafunzi 80 wa jeshi la majini ambao hawakuwa wamezoea bahari iliyochafuka, nao pia wakapewa gramu 1. Kutapika kulipungua. Ndiyo maana mtu akiniambia safari ya kupanda Nandi Hills kutoka Chemelil humvuruga tumbo kwa zile kona, humwambia aitafune au ainywe nusu saa kabla ya kupanda matatu.

Inafanyaje kazi? Ukali unaousikia ulimini unatokana na jinjeroli na jamii yake. Tumboni, kemikali hizi huhimiza tumbo kusukuma chakula mbele badala ya kukiacha kikae. Pia huzuia baadhi ya milango ambayo serotonini, kemikali ya mwilini, huipitia kupeleka habari ya kutapika kwenye ubongo. Milango hiyo hiyo ndiyo inayofungwa na ondansetroni, dawa tunayowapa wagonjwa wanaotapika baada ya upasuaji au tiba ya saratani. Nguvu ya tangawizi ni ndogo kuliko ya ondansetroni, lakini njia ni ya kweli.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Gramu 1 ya utafiti ilikuwa ya unga mkavu. Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 80, kwa hivyo gramu 1 ya unga ni sawa na gramu 5 hivi za mbichi. Niliweka kwenye mzani kipande chenye urefu wa kiungo cha juu cha kidole gumba changu, kikaja gramu 7 pamoja na maganda. Kipande kimoja cha namna hiyo, basi, ndicho cha mama mjamzito kwa siku nzima, kikigawanywa mara tatu au nne. Yule bwana alikuwa anaenda kuchemsha mkono mzima wa tangawizi kwenye sufuria.

Nilimshauri aikwangue badala ya kuichemsha tu. Maji hayatoi kila kilichomo, na ukichuja unatupa sehemu ya dawa pamoja na nyuzi. Ikikwanguliwa laini na kukorogwa ndani ya uji wa wimbi uliopoa kidogo, inamezwa yote. Mama asiyeweza kuvumilia uji asubuhi anaweza kunywa chai ya rangi yenye tangawizi, mafunda machache machache, kabla hata ya kuinuka kitandani.

Lakini kama hata maji hayakai, mkojo umekuwa mchache na mweusi, kichwa kinazunguka akisimama, au nguo zinaanza kumpwaya, hapo tangawizi imekwisha kazi. Huyo anahitaji hospitali na maji ya mshipa, siku hiyo hiyo.

Niseme kitu kuhusu chai ya maziwa, kwa sababu naulizwa kila wiki na jibu lake ni zuri. Umeweka maji na maziwa pamoja, umetia tangawizi iliyotwangwa, moto umewaka, na kabla haijachemka maziwa yamekatika, yameelea mabonge mabonge. Mama mboga analaumiwa, muuza maziwa analaumiwa. Kosa si lao. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoitwa zinjibaini, ambacho hukatakata protini ya maziwa, na hufanya kazi kwa kasi zaidi maziwa yakiwa moto bila kuchemka. Kule Guangdong, China, watu hukitumia kwa makusudi: humimina maziwa moto juu ya maji ya tangawizi na kupata kitamu kinachotetemeka kama yai la kuchemsha lisiloiva vizuri. Kimeng'enya hicho ukikichemsha sana kinakufa. Kwa hivyo tangawizi itangulie ndani ya maji peke yake, itokote dakika tano au zaidi, halafu ndipo maziwa yaingie. Kwetu nyumbani mama yangu alifanya hivyo miaka yote bila kujua jina la kimeng'enya chochote, na chai yake haikukatika hata siku moja.

Unga mkavu una ukali wa namna nyingine. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ikipikwa kwa muda mrefu, nyingine hugeuka zinjeroni, yenye utamu na ukali mdogo. Ndiyo sababu kijiko cha unga huwaka kooni, ilhali ile iliyotokota kwenye mchuzi kwa saa nzima imetulia. Ukinunua unga, unuse. Usiokuunguza pua umekaa sana dukani. Na kipande chenye ukungu kitupe chote, usikate upande mmoja ukabakisha mwingine, kwa sababu sumu ya ukungu haiishii pale unapouona.

Kwa maumivu ya hedhi kuna ushahidi wa kutia moyo, unga ukitumiwa siku tatu au nne za mwanzo, na wasichana kadhaa wanaokuja dukani huniambia unawasaidia. Kwa magoti ya wazee nafuu ipo ila ni ndogo. Kwa mafua, kikombe cha moto chenye tangawizi, limau na asali, kile tunachokiita "dawa" hapa Kenya, kinalainisha koo, kinafungua pua kwa mvuke, na mgonjwa anapata maji mwilini. Virusi hakiviui. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kwa sababu ya asali iliyomo: asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvishinda.

Linaloniumiza ni homa. Tunaishi kando ya Ziwa Victoria, katika eneo lenye malaria nyingi kuliko mengine yote nchini. Hata hivyo bado naletewa mtoto ambaye amenyweshwa tangawizi na vitunguu saumu siku tatu, mwili ukiwaka, kwa sababu kuna mtu alimhakikishia mama kwamba "inasafisha damu". Mmoja aliletwa akiwa hawezi tena kushika kichwa chake, macho yamefunguka lakini hayamfuati mama yake. Sikuuza kitu. Nilifunga duka nikawapeleka mwenyewe kwa boda boda. Malaria ya mtoto mdogo inaweza kugeuka kali ndani ya siku moja. Tone la damu kwenye kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika kama 15, na kama ni malaria, dawa yake ipo. Chai ya tangawizi mpe baada ya hapo, ukipenda.

Na kuna wale ambao tangawizi nyingi inaweza kuwadhuru. Mwenye kiungulia itamwongezea moto kifuani. Mwenye vijiwe kwenye nyongo aongee na daktari kwanza, kwa kuwa tangawizi huichochea nyongo kutoka. Anayetumia dawa za sukari aangalie kipimo chake kwa karibu zaidi akianza kuinywa kila siku. Anayesubiri upasuaji amwambie daktari kila anachokunywa, hata kile anachokiona ni chakula tu.

Anayenitia wasiwasi kuliko wote ni mtu anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Jaduong' mmoja, yaani mzee, mteja wangu wa miaka mingi, ana vali ya moyo iliyobadilishwa na atakunywa wafarini maisha yake yote. Alikuja akiwa ameshika kitambaa puani, kimelowa damu. Nikamuuliza amebadilisha nini. "Hakuna, daktari. Dawa zangu ni zile zile." Nikauliza anakula nini, anakunywa nini asubuhi. Binti yake ndiye aliyekumbuka: tangu mwezi uliotangulia alikuwa akinywa jagi zima la maji ya tangawizi na vitunguu saumu, la kushusha presha. Siwezi kuapa kwamba tangawizi peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Najua tu kwamba alipopimwa hospitalini siku hiyo, damu yake ilikuwa inachelewa kuganda kupita kiasi, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu jagi, mimi nikiwamo.

Siku hizi anakunywa kikombe kimoja cha chai ya tangawizi asubuhi, kilekile kila siku, bila vitunguu saumu. Kwenye kijitabu chake cha kliniki, chini ya orodha ya dawa, binti yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Tangawizi, kikombe 1."