Mezani kati ya Wachezaji na Wamiliki wa NFL: Nani Anaweza Kukaa Muda Mrefu Bila Kulipwa?

Kila wachezaji wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, wanapovutana na wamiliki wa timu, watu husema ni matajiri wanaogombania mali na mfanyakazi wa kawaida hayamhusu. Yanamhusu sana. Sheria inayotawala meza ile ndiyo inayotawala kiwanda chochote binafsi cha Marekani: sheria ya mahusiano kazini ya mwaka 1935, inayowapa wafanyakazi haki ya kuunda chama na kumzuia mwajiri kukataa kujadiliana nacho. Tofauti ni kwamba huku mengi hufanyika hadharani, kwa hiyo tunaweza kuona jinsi mkataba wa hali bora unavyopatikana kweli.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hoja nzuri pekee haimlainishi mwajiri. Anayesikilizwa ni yule anayeweza kukaa muda mrefu bila kipato, na mwenzake akajua hivyo.

Chukua mgomo wa mwaka 1987. Wachezaji walitaka uhuru wa kuhamia timu nyingine mikataba yao ikiisha. Mechi za wiki moja zikafutwa, kisha wamiliki wakaajiri wachezaji wa muda na ligi ikaendelea kwa wiki tatu bila waliogoma. Mechi zilirushwa, na fedha za televisheni ziliendelea kuingia. Upande wa pili hali ilikuwa mbaya. Wakati huo mshahara wa mchezaji ulilipwa kwa mafungu ya kila wiki ya msimu, na wiki asiyocheza kwa sababu ya mgomo fungu lake halikurudi. Majina makubwa kama Joe Montana na Lawrence Taylor yalivunja mgomo na kurudi uwanjani. Baada ya siku 24 chama kilirejea kazini bila mkataba wowote. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu madai yao yalikuwa ya haki kabisa. Walichokosa ni akiba na mshikamano.

Haki hiyo waliipata kwa mlango wa mahakama. Hapa pana fundo la kisheria ambalo wengi hulipita bila kulielewa. Maadamu chama kipo na kinajadiliana, mahakama huikinga ligi dhidi ya mashtaka ya kuvunja sheria za ushindani wa kibiashara, kwa kuwa masharti ya kazi yanatokana na majadiliano. Wachezaji wakikiondolea chama chao mamlaka ya kuwawakilisha, kinga hiyo inadhoofika, nao wanaweza kuzishtaki timu kwa kula njama ya kuwabana. Ndivyo walivyofanya mwaka 1989. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama huko Minneapolis likaona kwamba vizuizi vya uhamisho vilivunja sheria. Mwaka uliofuata pande zote mbili zikasuluhishana: mchezaji akapata uhuru wa kuhama baada ya kutumikia miaka kadhaa, na wamiliki wakapata ukomo wa mishahara kwa kila timu, uliowekwa kuwa dola milioni 34.6 mwaka 1994.

Utaratibu huo ulidumu hadi wamiliki walipopiga kura mwaka 2008 kuukatisha mapema. Ligi ilikuwa ikiingiza takribani dola bilioni 9 kwa mwaka. Wamiliki walikuwa tayari wanatengewa zaidi ya dola bilioni 1 kabla pato halijagawanywa kati yao na wachezaji. Sasa wakataka kutengewa bilioni nyingine, na msimu urefushwe kutoka mechi 16 hadi 18. Wachezaji wakajibu kwa neno ambalo kila chama cha wafanyakazi kinapaswa kulikariri: fungueni vitabu vya hesabu. Kama biashara inaumia, tuonyesheni. Wamiliki hawakukubali kufungua hesabu kamili za kila timu. Ni Green Bay Packers tu, timu inayomilikiwa na maelfu ya wanahisa, ambayo hutangaza hesabu zake kila mwaka.

Tarehe 12 Machi 2011 wamiliki wakawafungia wachezaji nje. Kufungia nje ni kinyume cha mgomo: mwajiri ndiye anayefunga lango. Mchezaji hakuruhusiwa kukanyaga uwanja wa mazoezi wala kuzungumza na kocha wake. Aliyekuwa akiuguza goti hakuweza kumwona daktari wa timu, na bima ya afya iliyolipwa na mwajiri ilisimama.

Safari hii pande zote zilikuwa zimejiandaa. Wamiliki walikuwa wamepanga mikataba ya televisheni iliyowahakikishia takribani dola bilioni 4 hata kama mechi hazingechezwa. Siku chache kabla ya lango kufungwa, Jaji David Doty aliamua kwamba kwa kufanya hivyo walikiuka mkataba wao na wachezaji. Chama nacho, chini ya DeMaurice Smith, kilikuwa kimewahimiza wanachama kuweka akiba, na chenyewe kilikuwa kimekata bima kimyakimya. Mahakamani, wachezaji nyota Tom Brady, Peyton Manning na Drew Brees walikuwa miongoni mwa walioishtaki ligi. Jaji wa kwanza aliamuru lango lifunguliwe, lakini mahakama ya rufaa ikabatilisha amri hiyo. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa kushinda, na naamini hofu hiyo ya pande zote ndiyo iliyoleta mkataba tarehe 25 Julai. Mechi moja tu ya maandalizi ilifutwa.

Mkataba huo wa miaka 10 uliwapa wachezaji karibu asilimia 47 ya pato lote. Wapya ndio walioumia zaidi: Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2010 timu zilipogawana wachezaji wapya, alihakikishiwa dola milioni 50, lakini Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, alipata milioni 22 kwa miaka minne. Kwa upande wa afya, mazoezi mawili ya kugongana kwa siku moja yalipigwa marufuku, na pendekezo la mechi 18 likawekwa kando. Binafsi naona huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko asilimia yoyote, kwa sababu fedha zikipotea huweza kutafutwa tena, ubongo ulioumizwa na kugongana haurudi.

Mwaka 2020 swali la mechi lilirudi, na mpasuko ukawa ndani ya chama chenyewe. Mkataba mpya ulileta nafasi ya msimu wa mechi 17, lakini pia ulipandisha kima cha chini cha mshahara wa mwaka wa mchezaji mpya kutoka dola 510,000 hadi 610,000. Wachezaji nyota Aaron Rodgers na J.J. Watt waliupinga hadharani. Wengi wa wanachama lakini ni watu wa mshahara wa chini, ambao huenda wasifikishe msimu wa nne, na kwao nyongeza ya leo ina uzito kuliko hoja ya muongo ujao. Kura zikawa 1,019 dhidi ya 959. Chama cha aina hii kinapaswa kuwasikiliza wale 959 kwa miaka yote ya mkataba, maana mwajiri naye alizihesabu kura hizo.

Mkataba huo unafikia mwisho baada ya msimu wa 2030, na kamishna wa ligi Roger Goodell ameshazungumzia mechi 18. Mikataba ya televisheni iliyosainiwa mwaka 2021 inakwenda hadi msimu wa 2033, miaka mitatu zaidi ya ule wa wachezaji.