Je, wajua juu ya nini PS2 mbili zinafanana lakini moja inakubali kukraki, ingine inakataa?

Umenunua PS2 (PlayStation 2, mashine ya michezo ya Sony) ndogo ku Kadutu, hapa Bukavu, rafiki yako naye iko na yake, zote nyeusi, zote nyembamba, munatia memori kadi moja ile ile yenye Free McBoot, programu ya kukraki, ni kusema ya kufanya mashine ikubali programu zenye Sony haikuruhusu; yake inafungua menyu ya kukraki, yako inawaka kawaida sawa vile hakuna kitu umetia. Kadi haina kosa. Geuza mashine, tumbo iangalie juu.

Kule chini kuko etiketi yenye SCPH na namba, njo jina la modeli. 30000 mpaka 50000 ni zile kubwa, 70000 kuendelea ni ndogo, 90000 njo za mwisho. Tarakimu ya mwisho ni ya eneo: 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 Ulaya, kwa hiyo 90004 ilitengenezewa Ulaya. Sasa pangusa vumbi, washa mwangaza wa simu, tafuta alama fupi sana kama 8B ao 8C: 8 ni mwaka 2008, herufi ni robo ya mwaka.

Hiyo herufi moja njo inaamua. PS2 ikiwaka, inachungulia kwanza memori kadi, kama kuko programu mpya ya mfumo inaifungua. Free McBoot inajifanya njo hiyo programu, mashine inaingia mtegoni. Mu 90000 za mwisho, zenye BIOS 2.30 (programu ya ndani yenye inawasha mashine), Sony walitoa kabisa hiyo tabia ya kuchungulia. Kwa hiyo 8A na 8B lala salama, 8C ni bahati yako, 8D kuendelea usisumbuke na kadi, hata fundi akuape nini.

Etiketi nayo inaweza kudanganya, juu mafundi banabadilishaka maganda, tumbo ya moja inavishwa mashine ingine. Kwa zile kubwa angalia tundu zenyewe: 30000 na 39000 ziko na tundu ndogo ya waya inaitwa i.LINK mbele, 50000 haina. Hesabu na visi chini: matoleo ya kwanza kabisa ziko na 10, ya nyuma 8. Ukitaka kutia disko ngumu ya ndani, tafuta kubwa yenye nafasi yake nyuma, kuanzia 30000 mpaka 50000, na utahitaji adapta ya neti.

Na mbele ya kuchomeka, soma volti! 30001 ya Marekani imeandikwa 120, kuranti ya kwetu ni 220. Nilionaka moja ikitoa moshi kabla manete haijaunganishwa, mwenye kuuza alikuwa ameshaondoka. Transfo ya kushusha 220 mpaka 120 si gali kama mashine mpya, lakini watu banapenda kujaribu kwanza.

Kama yako ni 8D usiitupe. Tangu 2020 kuko FreeDVDBoot, njia ingine ya kukraki ya mtu wa programu anaitwa CTurt: unachoma DVD kwa kompyuta, unaitia, na inapitia kosa lenye liko ndani ya kicheza-DVD cha PS2 yenyewe, haigusi memori kadi hata kidogo. Inafanya kazi vizuri na zile ndogo, ila lensi iwe bado inasoma, na lensi ya PS2 ya Kadutu... bon, hiyo ni hesabu ingine, jaribu na filamu kwanza mbele ya kulipa.