Steroidi ya vidonge si salama kuliko sindano

Katika makundi ya WhatsApp ya wanamazoezi wa Arusha na Moshi huzungushwa ujumbe kwamba oksimetholoni, steroidi (homoni ya kutengenezwa) inayotumiwa kujenga misuli, kwa kuwa ni kidonge, haina madhara kama ya steroidi za sindano, na kwamba maziwa husafisha ini. Si kweli. Dawa hii ya upungufu wa damu imeundwa isivunjwevunjwe upesi na ini, na ndiyo maana ini huumia; tena hushusha kolesteroli nzuri na kudhoofisha utengenezaji wa homoni za kiume mwilini. Watu hudanganyika na uzito unaopanda haraka, ambao sehemu yake ni maji tu. Soma karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi au muulize mfamasia. Ukiona macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai, wahi hospitali. Ujumbe huo, tafadhali sana, usiusambaze.