Umeshapandikizwa figo, mbona moyo bado mzito?

Swali: Kupandikizwa ni nini hasa?
Ni kuwekewa kiungo cha mtu mwingine, figo, ini au moyo, pale chako kimeshindwa kazi. Mwili unakiona mgeni na unataka kukishambulia, ndo maana unameza dawa za kushusha kinga kila siku.

Swali: Operesheni imeenda vizuri, kila mtu anafurahi, mbona mimi nalia hovyo?
Umetoka mbali. Miaka ya dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, umezoea mashine, manesi na mgonjwa wa kitanda cha jirani, halafu ghafla uko nyumbani na kila kreatinini, uchafu wa damu unaoonyesha figo inafanyaje kazi, ikipimwa roho inakudunda. Na prednisoloni yenyewe, moja ya hizo dawa za kushusha kinga, hasa miezi ya mwanzo dozi ikiwa kubwa, inafukuza usingizi na kuvuruga hisia, leo unacheka kesho unafokea watoto, uso unavimba mpaka kioo unakikwepa. Hukosi shukrani wewe, unaumwa rohoni, na hilo nalo lina matibabu.

Swali: Nimechoka na vidonge, naweza kupumzika siku mbili tatu?
Hapana.

Swali: Hata kama najisikia mzima kabisa?
Hapana! Hapa ndo tunawapoteza watu jamani. Mtu anakata tamaa, anaanza kuruka dozi ya usiku, kisha anaona aibu kuja kliniki asije akagombezwa, akija kreatinini iko juu na figo imeshaumia. Mwili unaweza kuikataa figo kimyakimya, bila maumivu yoyote, kwa hiyo usijipime kwa unavyojisikia. Umeruka dozi? Piga simu leo leo useme ukweli, na usimeze mbili kwa mpigo kufidia bila kuambiwa.

Swali: Nimeambiwa kuna mitishamba ya kutuliza mawazo.
Tafadhali acha. Ipo inayoshusha kiwango cha takrolimasi, dawa yako ya kushusha kinga, kwenye damu na ipo inayokipandisha mpaka figo inaumia. Dawa za sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, zipo, daktari wako atachagua isiyogombana na hizo unazomeza.

Swali: Ndugu yangu kanipa figo, kila nikimwona najiona nina deni.
Wengi wanalo hilo, na wapo waliopata kiungo cha marehemu wanaojiuliza kwa nini mwingine afe wao wapone. Liongee na mshauri, au na mwenzako aliyepandikizwa zamani. Na nyie wa nyumbani mnaosema "usilalamike, si umepewa figo", mnamziba mdomo mgonjwa, anajifungia na vidonge anaviacha, tumeshaona sana.

Swali: Lini nisingoje tarehe ya kliniki?
Huzuni ikikaa wiki mbili, hulali, hutaki kula wala kuona watu. Ukiwaza kufa au kujidhuru, nenda hospitali saa hiyohiyo na usiende peke yako. Na ukijikuta umeshika vidonge unajiambia "vya kazi gani", hiyo nayo ni dharura, piga simu kabla hujavirudisha kwenye kopo.