"Kwangu kweupe": dhana za Kaunti ya Erie ninazochoka kuzisahihisha

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. "Mwalimu, huyu bosi ananichezea. Anasema kiwanda kimefungwa kwa theluji, na mimi niko dirishani hapa naona nyota." Mwenye simu anakaa West Side ya Buffalo. Kiwanda kiko Hamburg, dakika kama ishirini kwa gari. Nimefanya ukalimani na kuelekeza wageni wapya katika Kaunti ya Erie, jimbo la New York, kwa muda wa kutosha, na simu za namna hii nazijua kabla sijazipokea. Bosi alikuwa anasema kweli. Si jambo la kila siku, lakini siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Basi naandika, ili atakayenipigia tena nimtumie hiki nirudi kulala.

Dhana: Kwangu kweupe, basi kote kweupe

Kweupe ndiyo, kwa theluji.

Wengi wenu mmetoka Uvira, Baraka, Kigoma. Mmewahi kukaa ufukweni mkaona mvua inapiga kijiji cha pili, ukuta mweusi kabisa, na nyinyi mnaanika dagaa juani. Hamkumwambia mtu wa kijiji kile kwamba anadanganya. Sasa mkifika Marekani akili hiyo mnaiacha uwanja wa ndege?

Theluji kubwa ya hapa inatengenezwa na Ziwa Erie. Mwezi wa Novemba maji bado yana joto la kiangazi, na hewa inayoshuka kutoka Kanada ni ya baridi kavu. Hewa hiyo ikipita juu ya maji inabeba joto na mvuke, inapanda, inakuwa wingu, na ikigusa nchi kavu inamwaga mzigo. Wingu lenyewe halitandi mbingu nzima kama la masika. Linajipanga kama mkanda, mrefu na mwembamba. Ukiwa ndani yake huoni boneti ya gari lako. Ukitoka nje ya ukingo wake, jua.

Na mkanda unakwenda utakako upepo. Ziwa limelala mshazari, kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, urefu wa kilomita 388, na Buffalo imekaa kwenye ncha yake ya mashariki. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, unakusanya mvuke njia nzima kisha unaumwaga kwetu. Ukitoka magharibi zaidi, mkanda unashuka kwenye miji ya kusini, Hamburg na Orchard Park, na vilima vya huko vinausukuma juu uzidi kumwaga. Ukitoka kusini zaidi, unapanda kaskazini, Tonawanda na Amherst. Upepo ugeuke kidogo tu, mtaa mwingine ndio unaofukiwa.

Kuna mzee mmoja, mvuvi wa Tanganyika, nilimpeleka kuliona ziwa. Akaangalia, akacheka: "Mwanangu, hili ndilo wanalolitangaza redioni?" Nilimwelewa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Erie, pale penye kina zaidi, ni mita 64. Lakini balaa lake liko kwenye udogo huohuo wa kina. Maji haya yanapata joto upesi wakati wa kiangazi, na joto hilo ndilo linalolipwa Novemba.

Novemba 2014 sehemu za kusini na mashariki mwa Buffalo, kama Lancaster na West Seneca, zilipata zaidi ya mita moja na nusu ya theluji kwa siku chache. Kwenye barabara kuu ya I-90 kuna watu waliokwama ndani ya magari zaidi ya siku nzima. Kaskazini mwa mji, kaunti hiyohiyo, ilikuwa sentimita chache. Novemba 2022 Orchard Park ikafukiwa kwa mita mbili, hata mechi ya Buffalo Bills, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ikahamishiwa Detroit. Siku hizo pia nilipigiwa simu na mtu wa nyota.

Mwezi mmoja baadaye, Desemba 23, 2022, ikawa zamu ya mji wenyewe. Upepo wa nguvu za kimbunga, theluji ya siku kadhaa, magari ya kuwaokoa watu nayo yakakwama. Walikufa watu zaidi ya 40 katika kaunti hii: wengine ndani ya magari, wengine nyumbani kusikokuwa na joto, wengine nje wakitembea kwa miguu. Kaunti ilipiga marufuku kuendesha gari asubuhi ya siku ileile, na kuna waliokuwa tayari kazini au njiani. Kwa hiyo mtu akiniambia "naenda tu, nitarudi kabla haijaanza", sipendi hata kumsikiliza hadi mwisho.

Shida kubwa ninayoiona ni majina. Tahadhari na marufuku za barabara hutoka kwa majina ya miji: Lackawanna, Cheektowaga, Hamburg, Amherst. Nje ya Buffalo kuna miji tele yenye mamlaka yake. Wateja wangu wanajua namba ya basi na jina la barabara. Ukimwuliza kazi yake iko mji gani anasema "Buffalo". Siyo Buffalo! Andika jina la mji wa kazini kwako kwa kalamu nene, ubandike kwenye friji. Hilo nimelisema hadi watoto wananiita Mwalimu Friji, na sijali.

Na beleshi. Liweke nyuma ya kiti, si kwenye buti, maana buti ndilo litakalofukiwa. Ukikwama, kabla hujawasha injini ili upate joto, shuka ufukue ekzosi. Ikiwa imezibwa, moshi unarudi ndani, na gesi ya sumu iliyomo haina harufu ya kukuonya.

Dhana: Ziwa likiganda, tumepona

Nusu ya kweli. Barafu ikifunika maji, mvuke unapungua, na Erie kwa sababu ya kina chake kifupi huganda kirahisi kuliko maziwa makuu mengine ya huku. Lakini ulizeni wenyeji habari za Januari 1977. Ziwa lilikuwa limeganda tangu Desemba, na theluji laini ikarundikana juu ya barafu wiki baada ya wiki. Januari 28 upepo ukaichota yote ukaileta mjini. Kilichoanguka kutoka mawinguni siku hizo kilikuwa kidogo tu ukilinganisha na kilichotoka ziwani. Na tafadhali, barafu si barabara. Msitembee juu yake kwa kuwa mmeona mzungu na ndoano yake.

Dhana: Si uko New York? Nipokee basi

Ndugu anatua JFK, uwanja wa ndege wa New York City, kutoka Nairobi, anapiga simu yuko nje na mabegi. Kutoka huku hadi New York City ni zaidi ya kilomita 600 za barabara. Sisi tuko karibu na Toronto kuliko na huko. Mwambieni mapema, kabla hajakata tikiti.

Dhana: Erie ni Erie

Kuna Kaunti ya Erie ya New York, ya Pennsylvania na ya Ohio, zote kandokando ya ziwa hilihili. Pennsylvania kuna na mji wa Erie, wenye Wakongo wengi. Kijana mmoja alikata tikiti ya basi kwa kusoma neno moja tu, akashuka huko usiku. Bahati akasikia Kiswahili kituoni.

Dhana: Maporomoko ya Niagara ni yetu

Yako Kaunti ya Niagara. Tulikuwa kaunti moja hadi 1821, tukatengwa. Picha pigeni, lakini fomu ya msaada mkiijaza kwa anwani ya huko, msiniletee mimi.

Dhana: Kabla yetu palikuwa pa wazungu tu

Hii naisikia kwa vijana. Ardhi hii ni ya Waseneca, wenyeji wa asili, na sehemu ya eneo walilotengewa, Cattaraugus, iko ndani ya kaunti hadi leo. Watu weusi walipita Buffalo wakikimbia utumwa kuvuka Mto Niagara kwenda Kanada, na wengine walibaki. Mwaka 1905 W.E.B. Du Bois na wenzake walianzisha Vuguvugu la Niagara, la kudai haki za watu weusi, kwa mkutano uliofanyika ng'ambo ya mto, Fort Erie. Wayemeni wa Lackawanna walikuja kufanya kazi kwenye viwanda vya chuma, na misikiti yao mmeikuta. Wapolandi ndio waliojaza upande wa mashariki.

Dhana: Kanada ni pale tu, twende tukatembee

Ndiyo, ni pale. Kutoka ufukweni unaiona, na daraja la Peace Bridge liko wazi tangu 1927. Lakini ukiwa na karatasi za mkimbizi, usipande daraja kabla hujazungumza na wakili wako. Ukikosea njia ya kutokea barabara kuu, unajikuta mbele ya ofisa wa mpaka, na pale mkalimani hawamsubiri.