Je, wajua kwa nini Queen ilimkabidhi kipaza sauti mwigizaji wa akiba?

Ukipita Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, hukosi kuwaona wageni wamesimama mbele ya nyumba moja wakipiga picha. Humo, tangu mwaka 2019, kuna makumbusho madogo ya mtoto aliyezaliwa kisiwani tarehe 5 Septemba 1946 akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama. Mtoto akapelekwa shule ya bweni India, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45.

Lakini Queen haikuzikwa naye. Brian May bado anapiga gitaa, Roger Taylor bado yuko kwenye ngoma, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakizunguka dunia na kujaza kumbi na viwanja. Anayesimama mbele yao na kipaza sauti ni Mmarekani, Adam Lambert, ambaye hakulelewa na bendi za roki za mitaani. Tangu utotoni alikuwa mtu wa tamthilia za nyimbo, zile ambazo waigizaji huzungumza kidogo, huimba zaidi, hucheza kwa hatua zilizopangwa, na hadithi husonga mbele kwa muziki.

Sasa, katika waimbaji wote wa roki duniani, kwa nini ikawa huyu?

Wengi hujibu upesi kwamba ni kwa sababu sauti yake inapanda juu sana. Inapanda kweli. Ila wenye sauti za kupanda si haba, na bendi kubwa kama ile ingeweza kumpata yeyote iliyemtaka. Naamini jibu liko kwenye kazi aliyokuwa akiifanya kabla jina lake halijajulikana, kazi ambayo watazamaji wengi hawajui hata kama ipo.

Lambert alizaliwa Indianapolis mwaka 1982, akakulia San Diego, California. Alianza kupanda jukwaani akiwa na umri wa miaka kama tisa au kumi. Alipomaliza sekondari aliingia chuo kikuu, akakaa wiki tano tu, akaacha. Akiwa na miaka 19 alikuwa akiimba kwenye meli ya watalii. Baadaye akajiunga na msafara wa Ulaya wa Hair, tamthilia iliyofika Broadway, kitovu cha majumba ya maigizo ya New York, mwaka 1968 na kuingiza magitaa ya roki mahali palipozoea vinanda na fidla. Mwaka 2004 alikuwa Los Angeles kwenye tamthilia ya Amri Kumi za Mungu, akiigiza kama Yoshua, huku Musa akiwa nyota wa filamu Val Kilmer. Mwaka 2005 akaingia kwenye msafara wa Wicked, tamthilia ya nyimbo kuhusu wachawi, kisha kuanzia 2007 akawa katika kundi la Wicked la Los Angeles.

Katika Wicked ndipo penye kiini cha habari. Hakuwa nyota. Alikuwa mmoja wa kundi la waimbaji na wachezaji wanaojaza jukwaa nyuma ya wahusika wakuu, na juu ya hilo alikuwa mwigizaji wa akiba wa Fiyero, yule mwana wa mfalme.

Mpenzi wa mpira anamjua mchezaji wa akiba: anakaa benchi, anapasha misuli, anasubiri mwenzake aumie. Mwigizaji wa akiba ana mzigo mzito kuliko huo. Mchezaji wa mpira akiingia hucheza mchezo wake mwenyewe. Wa tamthilia akiingia, kila kitu kimeshapangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nguo zinafuata vipimo vyake lakini rangi na mshono ni vya mwenzake. Taa inamulika alama iliyochorwa sakafuni, na asipoikanyaga kwa wakati ataimba gizani. Mwenzake wa kike anategemea mkono wake uwe mahali fulani kwenye neno fulani. Na watazamaji, waliolipa ili wamwone mwenyewe, wanakuta kikaratasi kinachosema kwamba leo nafasi yake imechukuliwa na mtu wasiyemjua.

Katika hali hiyo kuna makosa mawili makubwa. La kwanza ni kumwiga mwenye nafasi, sauti yake, mwendo wake, hata kikohozi chake. Utaonekana kivuli. La pili ni kuja na yako mapya kabisa, kana kwamba mwenye nafasi hakuwahi kuwepo. Utawapoteza wenzako, na watu watahisi wameibiwa. Mwigizaji wa akiba aliye mzuri hupita katikati: huiheshimu ramani aliyoikuta, na ndani ya ramani ile hutembea kwa miguu yake mwenyewe.

Pwani yetu inalijua jambo hili. Bi Kidude alizibeba nyimbo za Siti binti Saad kwa miongo mingi baada ya Siti kufariki mwaka 1950. Aliyemsikia Kidude hakudhani hata siku moja kwamba anamwiga Siti. Sauti ilikuwa ya Kidude, yenye mikwaruzo yake. Nyimbo, hata hivyo, ziliendelea kuitwa za Siti, na Kidude hakuwahi kuona haya kulisema hilo.

Ugumu wa Queen ulikuwa huohuo. Kati ya 2004 na 2009 walifanya kazi na Paul Rodgers, aliyekuwa mwimbaji wa Free na wa Bad Company, bingwa wa roki aliyetokea kwenye bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi. Rodgers ni mwimbaji mkubwa na nampenda sana. Alifanya jambo la uaminifu, akaziimba nyimbo zile kwa namna yake. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya nyimbo za Queen si bluzi. Ni maigizo. Chukua Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975. Ina karibu dakika sita, haina kibwagizo, inaanza kwa kijana anayemwungamia mama yake kwamba ameua, katikati inageuka opera yenye kwaya zinazobishana, na humohumo linalia neno “Bismillah”, ambalo mtoto wa Unguja hulisikia kabla ya kila tonge. Wimbo kama huo haumtaki mwenye koo tu. Unamtaka anayeweza kuwa mhusika wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, bila kuona aibu.

Na ndio wimbo aliouchagua Lambert alipokwenda kwenye usaili wa American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani, huko San Francisco, kwa msimu uliorushwa mwaka 2009. Ameeleza kwamba wazo la kwenda lilimjia kwenye tamasha la Burning Man, katika jangwa la Nevada, baada ya miaka ya kuimba nyuma ya wengine. Majaji hawakumficha: walimwona ana mbwembwe za jukwaa la maigizo. Kwa macho yao hiyo ilikuwa kasoro, na kwa mwimbaji wa kawaida wa pop pengine ingekuwa kasoro kweli. Fainali ilikuwa tarehe 20 Mei 2009. May na Taylor walikuwepo, wakawapigia wawili waliobaki, Lambert na Kris Allen, We Are the Champions. Ushindi ukaenda kwa Allen. Ila mpiga gitaa na mpiga ngoma walikuwa wameshasikia walichokuwa wakikitafuta.

Hapa niseme kidogo juu ya sauti yenyewe, maana watu hudhani kuimba roki na kuimba tamthilia ni fani zisizojuana. Tamthilia kubwa ya Marekani huonyeshwa mara nane kwa wiki. Anayeimba kwa kukaza koo, jioni ya tatu atakuwa amekauka. Kwa hiyo jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi ni pumzi: ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo ndio unaofanya kazi, hewa inatolewa kidogokidogo kama maji ya mtungi, na koo linaachwa legevu. La pili ni kuunganisha sauti ya kifua, ile nzito tunayozungumzia, na sauti ya kichwa, ile nyembamba ya juu. Asiyefundishwa, sauti humvunjika njiani anapovuka kutoka moja kwenda nyingine. Aliyefundishwa huvuka na msikilizaji asijue alivuka saa ngapi. La tatu ni maneno. Katika tamthilia neno lisiposikika hadithi imekufa, kwa hiyo kila silabi hutamkwa mpaka mwisho.

Mashabiki wa siku nyingi wanajua kwamba Freddie mwenyewe, alipokuwa jukwaani, mara nyingi alizishusha zile noti za juu kabisa alizozirekodi studio. Hakuna lawama hapo. Studio unarudia mpaka upate, lakini msafara unataka uimbe leo, kesho na keshokutwa. Mtu aliyelelewa na maonyesho manane kwa wiki alikuja na akiba ya pumzi ya kuzipanda noti zile usiku baada ya usiku.

Lakini kuna vitu ambavyo Lambert alilazimika kuviacha mlangoni. Tamthilia hupenda usahihi: kila usiku hatua zilezile, noti zilezile, machozi kwenye mstari uleule. Roki hupumua vingine. Mpiga gitaa akinogewa atarefusha, mashabiki wakiamua kuuimba ubeti wote wataimba wao, na mwimbaji asiyejua kunyamaza hapo ataonekana mgeni. Bahati yake, Los Angeles alikuwa na maisha mengine ya usiku. Aliimba kwenye vilabu, na alikuwa na bendi ndogo ya roki iliyoitwa The Citizen Vein, pamoja na Monte Pittman, aliyekuwa akimpigia gitaa Madonna. Huko alijifunza kwamba sauti inaweza kuchakaa kidogo pembeni na ikazidi kupendeza.

Mwaka 2011 aliimba nao kwenye tuzo za MTV huko Belfast. Tarehe 30 Juni 2012 wakafanya onyesho lao kamili la kwanza, Uwanja wa Uhuru mjini Kyiv, bure, mbele ya umati mkubwa mno, usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Ulaya. Mwaka 2014 ukaja msafara wa Amerika ya Kaskazini, na tangu hapo hawajaachana.

Tazama anavyofanya jukwaani, utamwona yule mwigizaji wa akiba. Kwenye msafara wa 2014 aliimba Killer Queen akiwa amejilaza kwenye kochi la zambarau, akijipepea, akiuigiza wimbo kama onyesho la mchezo. Freddie hakuwahi kuuimba hivyo, lakini wimbo unakubali. Kisha hufika mahali anazungumza na watu na kusema waziwazi kwamba Freddie ni mmoja tu, na kwamba naye amekuja kumshangilia kama wao.

Halafu kuna nyakati anazoondoka. Love of My Life haimbi yeye. Brian May hukaa peke yake na gitaa, ukumbi mzima unaimba, na mwishoni Freddie hutokea kwenye skrini kumalizia. Kwenye ile sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody jukwaa huachwa wazi, zikasikika zile sauti za mwaka 1975. Nyota wengi wa roki wasingevumilia jambo hilo, kutoka jukwaani wimbo mkubwa kuliko zote ukiwa katikati, ili aliyefariki apate nafasi yake. Mtu aliyepata mkate wake kwa kukaa pembeni ya pazia, nguo za mwenzake zikiwa mwilini, hilo analijua tangu zamani.

Si wa kwanza kuvuka njia hii. Meat Loaf, mwimbaji wa roki wa Marekani, naye alipitia Hair na The Rocky Horror Show kabla ya albamu yake ya 1977, Bat Out of Hell, na nyimbo zake ziliandikwa na Jim Steinman, aliyekuwa mtu wa tamthilia. Tofauti ni kwamba Meat Loaf alivuka na nyimbo alizoandikiwa yeye. Lambert alivuka akaingia kwenye nyumba ya mwingine, mwenyewe hayupo, na picha zake zimetundikwa kila ukuta.

Septemba 2024 alirudi alikotoka. Alipanda Broadway kwa mara ya kwanza, August Wilson Theatre, kama mshereheshaji katika tamthilia ya Cabaret, na akaibeba nafasi hiyo mpaka Machi 2025. Liza Minnelli, aliyepata Oscar kwa filamu ya Cabaret ya mwaka 1972, ndiye aliyepewa kufunga onyesho la kumkumbuka Freddie pale Wembley tarehe 20 Aprili 1992, akiwaongoza wanamuziki wote kwenye We Are the Champions. Kisha Agosti 2025 Lambert akawa Yuda katika Jesus Christ Superstar, Hollywood Bowl, mji uleule wa Los Angeles alikokuwa akisubiri nyuma ya pazia la Wicked, na Cynthia Erivo, aliyeigiza mchawi Elphaba katika filamu ya Wicked, akawa Yesu. Safari hii jina lake lilikuwa kwenye bango.