Mkono wa kushoto wa Bill Evans

Wapiga piano wa jazi wenye kasi kumzidi Bill Evans ni wengi, lakini upangaji wake wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa mkono wa kushoto unafundishwa hadi leo. Alizaliwa Plainfield, New Jersey, mwaka 1929. Mwaka 1958 aliingia bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, hakumaliza hata mwaka, kisha akaitwa tena 1959 kurekodi albamu ya "Kind of Blue". Mwaka huohuo akaunda kundi la watatu: yeye, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma.

Siri ni kuiacha noti ya msingi, ile inayoipa kodi jina lake, maana hiyo ni ya mpiga besi. Chukua kodi tatu zinazofuatana: D minor 7, G7, C major 7. Mkono wa kushoto, kuanzia chini, unapiga F-A-C-E, halafu F-A-B-E, halafu E-G-B-D. Kwenye badiliko la kwanza inasogea noti moja tu, C inashukia B. Kwenye la pili B inatulia, na zile tatu kila moja inashukia jirani yake.

Wanaoanza hukwama hapa: F-A-C-E ikipigwa peke yake, sikio husikia F major 7, nao huona wamekosea na kuirudisha D. Fanya hivi: piga D kwa kushoto na kodi kwa kulia mpaka sikio lizoee, ndipo uihamishie kodi kushoto. Halafu usiteremke mno. Weka noti ya chini kabisa kwenye oktava iliyo chini tu ya C ya katikati. Ukizidi hapo kodi inakuwa mvurugo, na pedali ya kurefusha sauti huzidisha.

Nafasi anayoachiwa mpiga besi, LaFaro aliitumia vilivyo. Katika rekodi za klabu ya jazi ya Village Vanguard, New York, za tarehe 25 Juni 1961, besi haitembei tu kwa mapigo manne. Inapanda juu na kujibizana na piano. Siku 11 baadaye LaFaro alifariki kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 25, na Evans akakaa miezi kadhaa bila kupiga jukwaani. Mpiga besi Eddie Gomez, aliyejiunga 1966, alidumu naye miaka 11. Evans alifariki Septemba 1980.

Kama unapiga bila besi, kodi hizi zitaelea. Gusa noti ya msingi chini kwanza, kisha kodi kwenye pigo linalofuata.